Scolastika na Bango la Bugarama

Mganga mfawidhi alimwita Scolastika ofisini baada ya chai ya saa nne, akamvutia kiti kwa mkono wake mwenyewe. Hapo hapo Scolastika akajua kuwa ataombwa jambo baya. Katika miaka yote aliyofanya kazi hospitali ya Mwabusungu, Dokta Theonest hakuwahi kumvutia mtu kiti.

"Mama Noela," alianza, "huyu kijana Sostenes. Chuo hawaniachi nipumue kwa simu. Mitihani ya darasani kafaulu yote. Kimebaki kitabu chake cha mafunzo ya vitendo. Sahihi yako tu."

"Sahihi yangu siyo 'tu', daktari."

"Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa vizuri. Jibu ni hapana."

Akainuka, akakirudisha kiti mahali kilipotoka, akaenda kazini kwake.

Scolastika alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia, kazi ambayo Mwabusungu, kimji cha njiani kati ya Kahama na Bugarama, ilikuwa bado haijapata jina linaloeleweka. Wachache walimwita daktari wa viungo. Wengi walimwita mkandaji. Wapo vijana wa machimboni waliokuja wakisukumana na kuchekacheka mlangoni, wakiuliza masaji bei gani, naye akawatoa mbio kwa maneno ambayo padre wake asingependa kuyasikia. Hasira zake zilijulikana hospitali nzima. Wauguzi walisema Mama Noela akikohoa, panya wa stoo wanahama.

Hasira hizo hakuzaliwa nazo. Alikulia Kambarage, Shinyanga mjini, nyumbani kwa mama yake mdogo aliyeitwa Mageni, aliyemchukua baada ya mama yake mzazi kufariki, akamlea pamoja na mwanawe Boaz bila kuonyesha yupi ni wa tumbo lake. Kidato cha nne alifaulu biolojia na fizikia, akaanguka kemia. Bila kemia chuo hakikupokei. Akaurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, mchana akiuza karanga na Mageni stendi, jioni akikariri kanuni. Akafaulu, akaenda kusomea stashahada huko Moshi. Miaka mitatu alijifunza msuli mmoja mmoja, unaanzia mfupa gani, unashikia wapi, unavuta nini, na ukifa ni kazi gani inayolala. Halafu wodini, chini ya jicho la msimamizi. Mmoja wa wasimamizi hao alimrudisha wodi ya watoto awamu ya pili, eti kwa kuwa alimnyoosha miguu mtoto mwenye mtindio wa ubongo bila kumweleza kwanza mama wa mtoto anachokifanya. Alilia chooni, akarudia awamu nzima. Ukaja mtihani wa mwisho, ukaja usajili kwenye baraza la taaluma, ikaja leseni yenye namba yake, ambayo kila mwaka lazima aihuishe na kuonyesha kuwa ameendelea kujifunza. Alipitia mlango baada ya mlango, na kila mlango aliubisha. Halafu mtu anakuja anamwita mkandaji.

Sasa kisa cha Sostenes kilikuwa hivi.

Aliletwa na chuo kimoja cha binafsi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mwembamba, mtanashati, mwenye shikamoo ya kila mtu hadi wafagizi. Wagonjwa walimpenda siku ya kwanza. Alikuwa na maneno matamu na mikono isiyojua kusubiri. Scolastika alimwonya mara nyingi kuhusu mikono hiyo. "Wewe unapenda matokeo kuliko mgonjwa," alimwambia. Kijana akacheka, akadhani anasifiwa.

Wodi ya wanaume alikuwepo mchimbaji aitwaye Ngusa. Huko machimboni matimba, yale magogo yanayozuia udongo kwenye duara, shimo lao la dhahabu, yaliachia, gogo likamwangukia pajani, mfupa ukavunjika vipande viwili. Alifungwa chuma, akalala, mfupa ukaanza kushika, ila goti likakauka kama mlango wenye kutu. Kulirudisha goti la namna hiyo ni kazi ya uvumilivu. Leo unapata upana wa kucha, kesho unapata nusu yake, keshokutwa hupati kitu. Scolastika alimwambia Sostenes mbele ya Ngusa mwenyewe: usilazimishe goti hili, mfupa wa juu bado mchanga.

Siku moja Scolastika akaenda kwenye kikao cha wakuu wa idara. Ngusa alikuwa na haraka. Wenzake walikuwa wamempigia simu kwamba duara limeanza kutoa dhahabu, na asiyekuwepo hana mgawo. Akamwambia Sostenes, "Dogo, we kunja tu, mimi mwanaume." Naye Sostenes, badala ya kukataa, akapanda kitandani, akauweka mguu chini ya kwapa, akauegemea kwa uzito wake wote. Kikasikika kitu kama kuni kavu. Ngusa akapiga ukelele uliofika jikoni.

Hata hapo Scolastika angeweza kusamehe. Mkono wa mwanafunzi hukosea, ndiyo maana kuna msimamizi. Lakini Sostenes alimfunika Ngusa shuka, akampa dawa ya maumivu, akamwambia huo ni msuli umeachia, kesho atatembea. Akanyamaza. Scolastika alipotoka kikaoni akamuuliza habari za wodini, akajibu, "Nzuri, Madam." Kesho yake asubuhi paja lilikuwa limevimba kama mto, na picha ya eksirei ikaonyesha mfupa umevunjika upya na chuma kimepinda.

Ngusa akarudishwa kuanza moja. Sostenes akalia, akapiga magoti. Scolastika akaandika kwenye kitabu chake cha mafunzo: hajafikia kiwango, arudie mafunzo ya vitendo wiki nane, chini ya usimamizi wa karibu.

Kutoka siku hiyo ndipo walipoanza kuja. Alianza mratibu wa mafunzo wa chuo, Mwalimu Athanas, mwenye sauti ya mafuta kwenye simu. "Mama, tusimkatishe kijana ndoto zake." Akafuata Dokta Theonest na kiti chake. Mwisho akaja hata Ngusa mwenyewe, akiwa amelala chali na mguu umening'inizwa kwenye kamba.

"Mayu, msamehe," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mimi ndiye nilimwambia akunje."

"Wewe samehe mguu wako, una haki nao," Scolastika alimjibu. "Mimi nikitia sahihi, nasema kwa watu wote anaowaendea huko mbele kwamba mikono hii ni salama. Wewe utawasamehe kwa niaba yao?"

Ngusa akaomba maji.

Sostenes hakuja kurudia wiki zake. Alichukua begi lake, kitabu akakiacha mezani bila kukifungua, akaondoka bila kuaga. Scolastika akadhani kaenda hospitali nyingine yenye msimamizi mlaini, akakasirika siku kadhaa, kisha kazi ikamfunika.

Mwaka ukakatika. Masika ya mwaka uliofuata, Mageni alianguka jikoni kwake Kambarage akiwa anachambua mchele. Ilikuwa kiharusi. Kilimchukua upande wa kulia wote, mdomo ukaenda upande, mkono ukawa unaning'inia kama kitambaa kwenye kamba. Scolastika aliomba ruhusa, akaenda Shinyanga, akakaa naye. Akamfundisha Boaz na mkewe Rhoda namna ya kumgeuza, namna ya kumketisha, na zaidi ya yote namna ya kuutunza ule mkono: uwekewe mto wakati wote, usivutwe, asiinuliwe kwa kushikwa kwapani.

"Msuli unaoshikilia bega umelala," aliwaambia. "Bega limebaki linashikiliwa na ngozi na Mungu. Mkilivuta, linatoka."

"Sasa atapona lini, dada?" Boaz akauliza.

"Inaweza kuwa miezi. Inaweza kuwa mwaka. Kuna vitakavyorudi, kuna ambavyo havitarudi."

Boaz hakulipenda jibu hilo. Alikuwa dereva wa lori la pamba, mtu aliyezoea kwamba safari ina kilomita zake na mwisho wake unajulikana. Scolastika aliporudi kazini, akawa anapiga simu kila jioni, anaambiwa mama yuko hivyo hivyo, na kwenye hiyo "hivyo hivyo" alisikia lawama.

Na Boaz huko barabarani alikuwa anasikiliza redio. Kulikuwa na tangazo lililopigwa asubuhi na jioni: kliniki mpya ya kinesiolojia, Bugarama, sayansi ya mwendo kutoka ng'ambo, kiharusi, mgongo, nyonga, ganzi, miguu kufa, waliokata tamaa wanatembea ndani ya wiki mbili. Boaz akalirudia neno hilo mdomoni, kinesiolojia, likamkaa vizuri. Fiziotherapia ya dada yake ilisema mwaka. Hii ilisema wiki mbili. Akampakia mama yake kwenye gari la rafiki, akampeleka Bugarama, na hakumwambia Scolastika.

Rhoda ndiye aliyepiga simu. Alikuwa anaongea huku analia, Kiswahili na Kisukuma vikichanganyika. Mama hawezi kulala. Mama anapiga kelele akiguswa. Bega limeshuka, kuna shimo juu ya mkono, kidole kinaingia.

"Nani kamshika?" Scolastika aliuliza.

"Daktari wa Bugarama. Alimvuta mkono, akasema anafungua mishipa. Anaitwa Dokta Sostenes."

Hilo lilimtosha Scolastika. Alikata simu, akavua koti lake jeupe, akalitundika, akamwambia msaidizi wake aendelee na wagonjwa waliobaki. Akatoka na kwenda kutafuta gari la Bugarama. Mama mmoja aliyekaa jirani naye alimpa muwa, akaupokea, akaushika tu, hadi wanafika ulikuwa bado mkononi.

Bango alilikuta barabarani, kubwa kuliko la duka la dawa la jirani. DOKTA SOSTENES, BINGWA WA KINESIOLOJIA. Chini yake picha ya mtu anayekimbia, na mishipa imechorwa kwa rangi nyekundu. Barazani watu walijaa kwenye mabenchi: wachimbaji wenye migongo iliyokufa kwa kuinamia mashimo, bibi mmoja aliyeletwa kwenye baiskeli, mama aliyepakata mtoto mwenye shingo iliyolegea. Scolastika akapita katikati yao, akasukuma pazia.

Sostenes alikuwa amenenepa kidogo. Alivaa koti jeupe lenye jina lake kwa uzi wa bluu. Alipomwona, uso wake ukawa wa mwanafunzi tena, kwa dakika moja tu.

"Shikamoo, Madam."

"Usiniamkie. Umemshika bibi wa kutoka Kambarage, mwenye kiharusi cha kulia. Umemvuta bega."

"Nahudumia watu wengi..."

"Yule ni mama yangu!"

Barazani mazungumzo yakakoma. Sostenes akafunga pazia, lakini pazia halizuii sauti.

"Madam, tafadhali. Hapa ni kazini kwangu."

"Kazi gani? Nionyeshe leseni. Nionyeshe namba yako."

Kijana akanyoosha mkono ukutani. Kulikuwa na cheti kwenye fremu ya dhahabu, chenye muhuri mwekundu, maandishi ya kujipinda. Scolastika alikisogelea, akakisoma. Kilisema kwamba mwenye jina hilo amehudhuria mafunzo ya kinesiolojia. Aliangalia tarehe. Yalianza Ijumaa, yakaisha Jumapili, kwenye ukumbi wa hoteli Mwanza.

"Siku tatu," alisema. Sauti ilimtoka ndogo, na alipoisikia akazidi kukasirika. "Siku tatu, Sostenes. Mimi nilikunyima sahihi baada ya miaka mitatu, wewe ukaenda ukachukua siku tatu."

"Fiziotherapia ina baraza," alijibu, na sasa na yeye alikuwa amepandisha kifua. "Kinesiolojia haina baraza hapa kwetu. Sijajiita mtaalamu wa fiziotherapia. Soma bango. Nimevunja sheria gani?"

"Umejiita daktari!"

"Watu ndio wananiita."

"Usichafue hilo neno. Huko lilikotoka, mtu anasoma chuo kikuu miaka minne, anafanyishwa vitendo, anafanya mtihani, anasajiliwa ndipo anaruhusiwa kumgusa mgonjwa. Wana milango yao kama sisi tulivyo na yetu. Wewe umeiba bango la nyumba ya watu, ukalitundika kwenye banda."

"Milango!" Sostenes alipaza sauti, naye akawa hajali tena nani anasikia. "Unaongea milango, ulinifungia wewe! Ulinirudisha mwaka mzima! Nyumbani waliuza ng'ombe wote ili nisome, nikarudi kuwaambia nini? Kwamba nianze mwaka wa tatu upya, na ada juu?"

"Mwaka gani? Niliandika wiki nane."

"Chuo walisema mwaka."

"Niliandika wiki nane, kwa mkono wangu. Wiki nane wodini, basi."

Sostenes alimgeukia. Alikuwa anamwangalia kama mtu anayetafuta uongo, na hakuupata. "Mwalimu Athanas alisema ukianguka vitendo unarudia mwaka," alisema polepole. "Alisema ndivyo ulivyotaka wewe."

Scolastika alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa. Hasira yake haikupungua hata kidogo. Iligawanyika tu, ikapata mahali pa pili pa kwenda, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana mtu mwenye adui mmoja anajua pa kuangalia.

"Hata kama," alisema mwishowe. "Hata kama walikudanganya. Mama yangu hakukudanganya. Ngusa hakukudanganya. Uliposhika lile bega, ulijua. Nilikufundisha mimi mwenyewe bega la kiharusi. Ulijua au hukujua?"

Sostenes alitazama mikono yake.

"Nilijua," alisema. "Mwanawe alisema wametoka mbali, anataka aone kitu kabla hawajaondoka."

Scolastika alitoka nje. Pale barazani alisimama, akawaambia watu kwamba huyu si daktari, hana leseni, na kwamba waende hospitali. Alimwambia yule mama wa mtoto mwenye shingo iliyolegea amfuate, atamhudumia yeye mwenyewe, leo hii. Hakuna aliyeinuka. Mzee mmoja wa mgongo akasema, "Mama, huko hospitali tumeshakwenda, tukaambiwa mtaalamu hayupo, yuko kikaoni." Wengine wakacheka. Mwingine akasema wivu wa biashara. Mama wa mtoto aliinamisha uso, akamfunika mwanawe khanga, kama vile Scolastika ndiye aliyetaka kumdhuru.

Alirudi barabarani akiwa anatokwa na machozi ya hasira, na ule muwa akautupa mtaroni kwa nguvu zake zote.

Aliandika taarifa yake jioni ile ile, akaipeleka panapohusika. Wakaguzi walikuja, kliniki ikafungwa, bango likashushwa na kulazwa kifudifudi uani. Boaz hakuongea naye kwa muda mrefu. Alikuwa anamwogopa, na zaidi alikuwa anaona haya. Mageni alirudishwa hospitali, bega likafungwa, mazoezi yakaanza tena kutoka nyuma ya pale yalipokuwa. Siku moja, akiongea kwa ule mdomo uliopinda, alimwambia Scolastika, "Ng'wanawane, mwanangu, usimgombeze Boaz. Alitaka nipone upesi."

"Wote mnataka upesi," Scolastika alisema, akaendelea kumnyoosha vidole kimoja kimoja, taratibu mno kwa mtu aliyekuwa anachemka vile.

Kilichobaki kilikuwa chuo. Alikwenda bila miadi. Mwalimu Athanas alikuwa mtu mfupi, mwenye shati la kupigwa pasi vizuri na tabasamu lililokuwepo tayari kabla mgeni hajaingia. Alimkaribisha soda. Scolastika hakuigusa.

"Niliandika Sostenes arudie wiki nane. Nani alimwambia mwaka?"

"Aah, Mama, hayo ni mambo ya taratibu za ndani. Unajua, kumpangia mwanafunzi mmoja wiki nane peke yake, usafiri, msimamizi, bima... Ni rahisi akiingia na darasa linalofuata."

"Rahisi kwa nani?"

"Kwa mfumo."

"Kwenye mwongozo wenu wa mafunzo, ule mnaotuletea sisi wasimamizi, imeandikwa anayeshindwa vitendo anarudia vitendo. Haikuandikwa mwaka. Umenisingizia mimi kwa mwanafunzi, umemfukuza mwanafunzi kwa jina langu, na yeye ameenda kuvunja watu."

"Hatukumfukuza. Aliondoka mwenyewe."

"Mlimfungulia mlango wa nyuma, mkasimama pembeni mkamwangalia anatoka!" Alipiga meza, soda ikamwagika, tabasamu la Mwalimu Athanas likaondoka kwa mara ya kwanza. "Sikiliza. Kuanzia leo Mwabusungu haipokei mwanafunzi wenu hata mmoja mpaka huyu apangiwe wiki zake. Na nitaliandikia baraza kwa nini."

Alikuwa hajamuuliza Dokta Theonest. Alipomwambia aliporudi, alitegemea vita. Mganga mfawidhi alijikuna kidevu, akaangalia dirishani, akasema kwamba yeye ndiye aliyesaini karatasi za Ngusa za kulazwa mara ya pili, na kwamba Ngusa alimuuliza swali ambalo hakuweza kulijibu. Hakusema ni swali gani. Akaisaini barua ya kwenda chuoni, na kuongeza sentensi yake mwenyewe chini, kali kuliko za Scolastika.

Chuo kilikubali, kwa shingo upande. Kazi ngumu ikawa kumpata Sostenes. Alikuwa amehamia upande wa Geita, anabeba magunia ya mawe kwenye mwalo mmoja wa kuoshea dhahabu, na watu walisema huko nako ameanza kuvuta watu migongo pembeni. Scolastika hakumfuata. Alimtumia ujumbe mmoja kwenye simu: Wiki nane zako zipo. Jumatatu saa moja asubuhi. Ukichelewa usije.

Alikuja. Alikuja na uso wa mtu anayekwenda mahakamani, amekonda, hana shikamoo ya wafagizi tena. Wiki ya kwanza Scolastika hakumruhusu kumshika mtu. Alimkalisha aangalie, halafu aeleze alichokiona. Akikosea anarudia. Wiki ya pili akaruhusiwa kushika, na kila mara kabla ya kushika alitakiwa amwambie mgonjwa anachokwenda kufanya na kwa nini, na mgonjwa akisema hapana, inabaki hapana. Hawakupendana. Asubuhi moja alimfokea mbele ya wagonjwa hadi kijana akatoka nje, na Scolastika akafikiri ndiyo basi. Baada ya muda akarudi, akanawa mikono, akaendelea pale pale alipoachia.

Mageni aliletwa kliniki Mwabusungu mara mbili katika wiki hizo. Mara ya kwanza alimwona Sostenes mlangoni, akasema, "Huyu asinishike." Hakushikwa naye. Sostenes alisimama kando, ukutani, akaangalia kazi nzima ya bega lile kuanzia mwanzo hadi mwisho, na alipoulizwa aeleze alichokiona, alieleza vizuri, kwa sauti iliyokuwa inakatika.

Wiki ya mwisho Scolastika alimpa Sostenes mgonjwa, mchimbaji mwenye kifundo cha mguu kilichokauka baada ya plasta. Yule mtu alikuwa na haraka kama wote. "Kaza bwana, mbona unanibembeleza kama mtoto?" Sostenes akamjibu kwamba leo mguu umefika hapa, na hapa panatosha. Mchimbaji akatukana. Sostenes akaacha atukane, akaandika kipimo.

Kitabu kilisainiwa Ijumaa. Sostenes alikipokea kwa mikono miwili, akasimama, hakuondoka.

"Madam. Bado una hasira na mimi?"

"Ndiyo."

"Nikifaulu mtihani wa baraza?"

"Mama yangu hawezi kuinua kikombe kwa mkono wake wa kulia. Utafaulu, utapata leseni, utafanya kazi, na mkono wake utabaki vile vile." Alivuta droo, akatoa kitabu kimoja kinene cha misuli na mifupa, kilichochakaa kwenye pembe. "Hiki unakirudisha ukimaliza mtihani. Sura ya mabega uisome mara mbili."

Sostenes alikipakata kitabu kama mtoto mchanga, akasema ahsante, na safari hii hakutafuta neno tamu la kuongezea.

Mtihani alianguka mara ya kwanza, akafaulu mara ya pili. Siku hizi yuko kwenye kituo cha afya kijijini, ng'ambo ya Geita, ambako kabla yake hapakuwahi kuwa na mtu wa kazi hiyo. Kitabu alikirudisha kwa dereva wa basi, kimefungwa kwenye gazeti, hakuna barua. Scolastika alilifungua gazeti, akageuza kurasa, akakuta sura ya mabega imelegea hadi karatasi zinataka kutoka. Akatafuta gundi, akazibandika. Halafu akafungua mlango, akaita anayefuata. Aliinuka kijana mwenye mkono uliofungwa kamba shingoni, akauliza kama masaji itauma.

"Siyo masaji," Scolastika alisema. "Ingia, nikueleze."